Nampeleka mama Ocean Road, wiki sita au zaidi: tutenge shilingi ngapi kwa kulala?

BintiMatogoro
Jumapili, saa 2:40 usiku

Shikamooni wakubwa, na wenzangu habari za jioni.

Naomba ushauri kwa walioshakaa Dar es Salaam na mgonjwa kwa wiki nyingi. Nitaandika kwa urefu ili mnijibu kwa hesabu yangu mimi, maana waliokwisha kunishauri huku ni watu waliokwenda Dar siku tatu kwenye harusi wakarudi.

Natoka Songea, ni fundi cherehani. Mama yangu ana miaka 63. Amegundulika na saratani ya mlango wa kizazi, tumepewa rufaa ya kwenda Taasisi ya Saratani Ocean Road. Daktari ametueleza vizuri: mionzi mara 25, Jumatatu hadi Ijumaa, kwa hiyo wiki tano, halafu mionzi ya ndani mara tatu. Gharama za matibabu hazinisumbui kwa sasa kwa sababu kaka yangu ni mwalimu na mama yumo kwenye bima yake. Lakini bima hailipi pa kulala, na hapo ndipo usingizi unaponiruka.

Tuko watoto wanne. Jumapili iliyopita tulikaa kikao, kaka akaandika kila mmoja anachotoa. Zimepatikana 2,400,000. Nikitoa nauli za basi kwenda na kurudi pamoja na akiba kidogo ya dawa za kununua nje, zinabaki 2,100,000 za kulala, kula na kuzunguka mjini. Mimi nimefunika cherehani yangu, hakuna kitakachoingia hadi turudi. Kaka kachukua siku 45, kagawanya, kapata kama 46,600 kwa siku. Akasema chumba kisizidi 25,000, zinazobaki mle na mpande magari. Kikao kikafungwa kwa sala, kila mtu akaenda kwake. Mimi ndiye ninayekwenda kukaa huko, na tangu siku ile nageuza ile 25,000 kichwani.

Njia nilizonazo ni hizi.

Ya kwanza ni Chanika kwa mjomba. Ni kaka yake mama, tumbo moja. Ameshasema tusihangaike na gesti wakati yeye yuko hai. Ana vyumba vitatu na watoto watano, mama angelala na binti zake. Choo kiko uani, cha shimo, hatua kama ishirini kutoka mlango wa nyuma. Kutoka Chanika hadi Posta, katikati ya jiji, ni magari mawili, na jirani yangu aliyewahi kukaa huko anasema asubuhi utenge saa mbili na nusu. Kulala ni bure.

Ya pili ni Kigamboni. Nimepata namba za gesti nne karibu na feri, nimepiga zote. Chumba cha feni na choo cha nje ni 20,000 hadi 25,000. Chenye choo ndani ni 30,000. Unavuka kwa feri, hospitali haiko mbali na upande wa pili.

Ya tatu ni Posta au Upanga, jirani kabisa. Bei ya chini niliyotajiwa kwa chumba nilichoona mama anaweza kukaa ni 70,000. Kwa usiku 45 hiyo ni 3,150,000. Hii nimeiandika ili mjue niliiuliza.

Ya nne ni kupanga chumba cha kawaida. Dalali mmoja wa Kigamboni kaniambia masta, yaani chumba chenye choo ndani, iko ya 150,000 kwa mwezi, lakini mwenye nyumba anataka miezi sita, na dalali anachukua kodi ya mwezi mmoja. Hapo ni 1,050,000 kabla sijanunua godoro.

Sasa nieleze kinachoniuma. Mama ukimuuliza anajibu "popote mwanangu". Atasema hivyo hata umlaze barazani. Lakini tangu ugonjwa ulipoanza anaamka usiku mara tatu, mara nne. Hapa nyumbani choo ni chetu peke yetu na bado anaona haya nikisikia mlango. Ni mwanamke ambaye hajawahi kutoka uani bila kujifunga kanga mbili. Nikimfikiria kwenye foleni ya choo cha gesti na watu asiowajua, au kwa mjomba akiwaruka watoto saa nane usiku, natamani nichukue chumba cha 30,000 moja kwa moja. Halafu nakumbuka 30,000 mara 45 ni 1,350,000, nabaki na 750,000 ya kula na kutembea watu wawili. Na hizo siku 45 ni za kukisia.

Mngekuwa ninyi, pesa hii mngeipangaje? Tunasafiri Ijumaa usiku.

---

FundiBomba_Tanga
Jumapili, saa 3:15 usiku

Pole sana dada, Mungu amwinue mama.

Mimi nilimpeleka mke wangu Dar kwa mionzi, hospitali sitaitaja. Kosa nililofanya nakupa bila kuficha. Nilitafuta gesti Magomeni, nikaona nikilipa mwezi mzima kwa mkupuo napunguziwa, nikalipa. Niliamini Jumatatu tunaanza. Hatukuanza Jumatatu. Kuna kufungua faili, kuna vipimo vinavyorudiwa, kuna picha ya kupangia mionzi, halafu unasubiri upewe tarehe. Tulilala pale usiku 13 kabla ya mionzi ya kwanza, mke wangu akiwa bado na nguvu ya kwenda sokoni kwa miguu. Zile usiku 13 nilizilia wiki ya mwisho. Hela imeisha, yeye hawezi kusimama dakika tano, ikabidi tuhamie kwa binamu yangu Mbagala na kupanda daladala naye akiwa hivyo.

Kaka yako kagawanya pesa sawa kwa sawa, lakini wiki zenyewe hazilingani. Kuna wiki mama atakaa popote na kuna wiki hatakaa popote. Chanika itumie wakati wa kusubiri. Pesa ilinde kwa ajili ya wiki ya tatu ya mionzi kwenda mbele.

Na ukifikiria Magomeni kwa sababu ya mabasi ya mwendokasi yanayokwenda Kivukoni, angalia majira. Mvua kubwa ikipiga na Jangwani ikajaa maji, magari yanasimama. Ilitukuta mara mbili.

---

NesiMstaafu_Iringa
Jumapili, saa 4:02 usiku

Mwanangu, pole. Nimefanya kazi wodini miaka mingi, na nimewaona wengi wakirudi kutoka huko.

Ndugu wa Tanga amesema kweli, nami nikuongezee sababu yake. Mionzi ya nyonga haimchoshi mtu siku ya kwanza. Wengi huanza kuhisi wiki ya pili au ya tatu: uchovu, kuharisha, mkojo wa mara kwa mara na wa kuunguza. Na haviishi siku mionzi inapoisha, huendelea wiki kadhaa ndipo vipungue. Kwa hiyo unapopanga chumba, usihesabu hadi mara ya 25 ukasema tumemaliza.

Choo, mwanangu. Mgonjwa wa aina hii anahitaji choo cha karibu, chenye maji, ambacho hakingojewi. Kiyoyozi atakikosa na ataishi. Runinga ataikosa. Kama una 30,000 na kuna chumba chenye choo na feni tu, na kingine cha kiyoyozi na choo cha pamoja, hata usifikiri mara mbili.

Ngazi pia. Chumba cha chini. Ghorofa ya pili isiyo na lifti ni adhabu ikifika wiki ya nne.

Jambo jingine ambalo watu hawalifanyi: siku ya kwanza kabisa nenda ofisi ya ustawi wa jamii pale pale hospitalini, ueleze mnatoka Ruvuma na hamna makazi Dar. Ile ofisi ipo kwa ajili hiyo. Uliza kama kuna nafasi ya kulazwa au sehemu ya kulala kwa wanaotoka mbali. Wakisema hakuna, hujapoteza kitu. Na ukiona mama anaharisha au anakojoa kwa maumivu, usimtafutie dawa dukani, mwambie nesi wa mionzi siku hiyo hiyo.

---

Mngoni_wa_Tabata
Jumatatu, saa 12:30 asubuhi

Dada, nasema kama mtu wa nyumbani. Kumpeleka mama gesti wakati kaka yake wa tumbo moja yupo mji huo huo ni kumvunjia heshima mjomba. Gesti nyingi zinapokea watu wa saa moja moja, milango inagongwa usiku kucha, muziki wa baa chini. Mama mgonjwa anataka kuamka asikie sauti ya watu wake, apikiwe uji na wifi yake. Hiyo haina bei. Choo cha uani kinaweza kutafutiwa dawa: nunua ndoo yenye mfuniko, dawa ya kusafishia, taa ya jua ya 15,000. Na siku ambazo hawezi daladala, kodi gari. Hata ukikodi mara kumi haitafika milioni moja na laki tatu.

---

MamaWawili_Kgb
Jumatatu, saa 3:20 asubuhi

Dada wa Songea, pole na safari.

Niseme mapema kwamba nina gesti ndogo Kigamboni, vyumba tisa. Sitaitaja na sitaki uje kwangu kwa ajili ya ujumbe huu. Nataka ujue tunavyopanga bei ili usidanganyike.

Wewe umepiga simu ukauliza chumba ni shilingi ngapi, ukajibiwa bei ya mtu wa usiku mmoja. Mtu wa usiku mmoja anafuliwa shuka kila siku, anaacha taa na feni vinawaka, na kesho sijui kama nitampata mwingine. Mtu wa wiki ananipa uhakika. Chumba cha 30,000 mimi kwa wiki nakitoa 160,000, na siko peke yangu. Usiongee hayo kwa simu na kijana wa mapokezi, hana mamlaka. Nenda mwenyewe, mchana, siku ya kazi, omba kuonana na mwenye nyumba, mwambie ni mgonjwa wa Ocean Road, mtakaa wiki kadhaa, mtalipa kila wiki mwanzoni. Usikubali mwezi. Mambo ya hospitali hayana tarehe, na hela ikishaingia kwetu kuirudisha ni vita.

Ukifika angalia haya kwa macho yako. Fungua bomba la chooni, usiulize kama maji yapo. Uliza tangi la akiba lina lita ngapi, maana maji hukatika. Jaribu komeo la mlango. Simama hapo chumbani saa moja ya jioni usikilize, kama kuna baa utaisikia. Na aliyesema kuhusu wateja wa saa moja moja amesema kweli. Uliza moja kwa moja: mnapokea wa muda mfupi? Akicheka, ondoka. Uliza pia kama wanaruhusu jiko dogo la gesi uani. Wengine tunaruhusu kwa mgonjwa, na hapo utaokoa zaidi ya ulichopunguziwa kwenye chumba, maana chakula cha kununua mara tatu kwa siku watu wawili kinakula hela kuliko kulala.

Feri ni 200 kwa mtu. Nunua N-Card, kadi ya kulipia nauli, mapema usihangaike getini. Asubuhi saa 12 hadi saa 2 watu ni wengi sana, wanasukumana kushuka. Kama hospitali wakikupa nafasi ya saa 4, ishike hiyo.

---

Mpangaji_Tungi
Jumatatu, saa 4:00 asubuhi

Kuhusu kupanga: miezi sita ni bei ya kwanza ya dalali. Wapo wenye nyumba huku Tungi wanaokubali mitatu ukionana nao ana kwa ana. 450,000 na dalali 150,000, jumla 600,000, chumba ni chako siku 90. Kama mnakaa zaidi ya wiki nne inaanza kuwa nafuu kuliko gesti ya 160,000 kwa wiki. Ila godoro, umeme wa LUKU, ndoo, sufuria, pazia, vyote juu yako, na utavitafuta huku mgonjwa kakaa wapi?

---

BintiMatogoro
Jumatatu, saa 2:10 usiku

Asanteni sana, na shikamoo mama nesi. Nimesoma yote mara mbili, mengine nimemsomea mama.

Kaka wa Tabata, nimelipokea neno lako, na sitaki mjomba aumie. Lakini naomba nikujibu kwenye hesabu, kwa sababu hapo ndipo kaka yangu pia alipokwama. Tukikaa Chanika muda wote, safari za hospitali si chini ya 28. Kwa magari mawili kwenda na kurudi, watu wawili, na bajaji ya kumalizia kwa sababu mama hawezi kutembea kutoka kituoni, nimeambiwa nitenge 14,000 kwa siku. Hiyo ni 392,000. Siku kumi za kukodi gari kutoka Chanika, kwa bei niliyotajiwa ya 50,000 kwenda na kurudi, ni 500,000, ukitoa 140,000 ya daladala ya siku hizo. Ukijumlisha unafika 752,000 na mama bado anakaa barabarani saa tano kila siku. Bure ya Chanika ina bei yake, ila inalipwa kidogo kidogo kwa kondakta ndiyo maana haionekani kwenye daftari la kikao.

Jambo la ndoo nilimuuliza mama leo mchana tukichambua mboga. Nilijikaza tu nikamuuliza. Alinyamaza, akaendelea na mboga, halafu akasema: "Mke wa kaka yangu asibebe ndoo yangu." Sikuongeza neno.

Kwa hiyo nimeamua hivi. Tunaanzia kwa mjomba. Kipindi cha vipimo na kusubiri tutakuwa kwake, na mionzi ya mwanzo pia mama akiwa na nguvu. Sitatoa hata shilingi ya chumba kabla ya kupata tarehe. Nitatumia siku hizo kwenda Kigamboni kuangalia vyumba kwa macho. Nimempigia mjomba nikamweleza mwenyewe, kwa sababu akisikia kwa mtu ndipo ataumia. Alikaa kimya kidogo kwenye simu, akauliza tu, "Hicho chumba kitakuwa na komeo la ndani?"

Nitarudi kuwaambia.

---

FundiBomba_Tanga
Jumatatu, saa 2:45 usiku

Hapo umepanga dada. Safari njema. Weka pesa ya wiki ya mwisho kwa mtu mwingine, si kwenye simu yako.

---

BintiMatogoro
Jumatano, saa 3:30 usiku (wiki ya sita tangu tufike)

Habari zenu ndugu zangu. Niliahidi kurudi. Leo mama amepata mionzi ya 17. Amelala, naandika nikiwa kwenye kibaraza nje ya chumba.

Naanza na hesabu kwa faida ya atakayekuja kusoma baadaye.

Chanika tulikaa usiku 24. Nilikuwa nimekadiria kumi. Wiki mbili nzima ziliisha kwa vipimo na picha, mionzi ya kwanza ikawa Jumanne ya wiki ya tatu. Ndugu wa Tanga, kila nikilala Chanika siku hizo nilikukumbuka. Ningekuwa nimelipa chumba cha 30,000 tangu siku ya kufika, 720,000 zingekuwa zimekwenda na mama hajaanza hata kuchoka. Badala yake nilimpa wifi yake mama, mke wa mjomba, 100,000 ya mchele, sukari na mkaa. Alikataa mara mbili, nikamwekea kwenye kabati la vyombo. Safari za kwenda hospitali zilikuwa 11, zikala 154,000.

Mpango wangu ulikuwa tuhame baada ya mionzi kumi. Mama hakufika kumi. Siku ya tano tukirudi, gari limesimama Buguruni kwenye foleni, akanishika mkono akaniambia, "Nishushe." Tulishuka, nikabisha hodi kwenye mgahawa, mama mmoja akatufungulia choo cha wafanyakazi bila kuuliza swali. Mungu ambariki popote alipo. Jioni ile nilimpigia mwenye gesti niliyokuwa nimekwishaiona. Kesho yake, baada ya mionzi ya sita, tukahamia.

Chumba ni cha chini, choo ndani, feni, chandarua, vitanda viwili vidogo. Bei ya mlangoni 30,000, tumekubaliana 160,000 kwa wiki, vile vile alivyosema Mama Wawili. Jana nimelipa wiki ya tatu, jumla 480,000. Wanaoniruhusu jiko la gesi uani ni watu wema. Napika uji, wali mlaini, ndizi, na samaki, maana soko la samaki la Feri liko hapo hapo tunaposhukia. Feri watu wawili kwenda na kurudi ni 800, bajaji kutoka feri hadi hospitali na kurudi 6,000. Siku 11 za kutokea huku zimekula 74,800.

Kwa hiyo kulala na usafiri hadi leo ni 808,800. Nimekwisha kumpigia kaka nikamsomea. Alikuwa na daftari lake, akaniambia turudie, nikarudia. Akasema ile 25,000 yake kwa kila usiku aliifuta.

Zimebaki nane za nje na tatu za ndani. Nakisia wiki nne nyingine za chumba baada ya hii niliyolipia, yaani 640,000. Itabana kwenye chakula lakini itafika. Nilijaribu ustawi wa jamii siku ya kwanza kama mama nesi alivyosema. Yule dada alinisikiliza vizuri, akaandika jina la mama na namba yangu. Nafasi haijapatikana, ila alinipa jambo moja lililonisaidia: alinieleza kwamba nisiahidi kurudi Songea siku ile ile mionzi inapoisha, basi la Songea ni siku nzima barabarani. Nimetenga usiku tatu za kupumzika mwishoni, na hizo nitazilala Chanika au hapa kutegemea mama atakavyokuwa. Pesa yake iko kwa mdogo wangu Njombe.

Kitu ambacho sikukifikiria ni Jumamosi na Jumapili. Hakuna mionzi, na mwanzoni nilitaka tuwe tunarudi Chanika kila Ijumaa ili nisilipie usiku mbili. Wiki ya kwanza tulikwenda. Mama alirudi Jumapili jioni amechoka kuliko alivyokuwa Ijumaa. Sasa tunabaki hapa, na Jumapili wifi anakuja yeye baada ya misa, na kisamvu chake kwenye bakuli, na binti mmoja. Wanakaa kitandani kwa mama wanasuka ukili hadi saa kumi.

Mjomba alikuja siku ya pili baada ya kuhama. Hakukaa. Alishika komeo, akafunga, akafungua, akafunga tena. Akaingia chooni akafungua bomba, akasikiliza maji. Halafu akatoka akanipa 20,000 mkononi bila kusema ni ya nini.

Na mama. Usiku wa kwanza hapa aliamka mara tano. Nilimsikia, nikajifanya nimelala kwa sababu najua anavyotaka. Asubuhi aliniambia, "Hapa maji hayaishi." Hakusema jingine. Lakini tangu siku ile amerudia kula jioni. Chanika alikuwa ameacha kula jioni, nami nilidhani ni ugonjwa. Alikuwa anajizuia ili asiamke.

Kesho ni ya 18, nafasi yetu saa 4. Chumba kimelipwa hadi Jumanne.